Moshi Usio na Moto

Wazee wetu wa pwani walisema, "Pafukapo moshi pana moto." Mithali hiyo ilitosha kwa karne nyingi, maana hapakuwa na mtu aliyepata kuona moshi ukitoka mahali pasipo na moto. Mpishi alilijua jambo hilo jikoni mwake, mvuvi alilijua alipobanika samaki ufukoni, na mkulima wa Ganze alilijua alipochoma magugu shambani. Lakini siku hizi umezuka moshi wa namna nyingine. Hutoka katika chombo chembamba kilicho mfano wa kalamu. Hauwashwi kwa kiberiti, hauachi jivu, wala haunuki tumbaku bali hunukia embe, nanasi au peremende. Chombo hicho huitwa sigara ya kielektroniki, na vijana wamelifupisha jina wakakiita vepu. Kimefika katika miji ya Malindi na Kilifi, kikapita malango ya shule bila ya kubisha hodi, na sasa kimo mifukoni mwa baadhi ya wanafunzi wanaosoma kurasa kama hizi.

Insha hii haikusudii kutaja ubaya wa chombo hicho peke yake. Ubaya wake umesemwa mara nyingi, na aliyekwisha kunaswa huujua kuliko asemaye. Swali letu ni jingine, nalo ni gumu zaidi: mwanafunzi aliyenaswa, shule yake imsaidieje hata anasuke? Ili tupate jibu, yatupasa kwanza turudi nyuma, kwa sababu moshi huu mpya ni mjukuu wa moshi wa zamani, na mwenye kutaka kumjua mjukuu huanza kwa kuuliza habari za babu yake.

Tumbaku si mmea wa asili ya Afrika. Wenyeji wa Amerika waliilima na kuivuta muda mrefu kabla ya Christopher Columbus kufika kwao mwaka 1492. Miaka 6 baadaye, mwezi wa Aprili 1498, Vasco da Gama alitia nanga Malindi, akapokewa kwa wema na mfalme wa mji, akapewa rubani wa kumvusha bahari mpaka Bara Hindi. Nguzo ya Wareno ingali imesimama juu ya mwamba wa Malindi, ikiitazama njia ile. Tangu hapo merikebu za Wareno ziliziunganisha Amerika, Ulaya, Afrika na Bara Hindi, na kila merikebu ilibeba mbegu pamoja na bidhaa. Mahindi, muhogo, nanasi na mkorosho vyote vina asili ya Amerika. Mtoto wa Kigiriama alapo sima ya mahindi, au aokotapo korosho chini ya mikorosho ya Kilifi, hula faida ya safari zile. Lakini bahari haichagui cha kuleta. Njia iliyotuletea chakula ndiyo iliyotuletea tumbaku, nayo ikaenea katika nchi hizi katika karne ya 16 na ya 17.

Yafaa kuangalia jani hili lilivyojitambulisha kwa watu. Mwaka 1560 balozi wa Ufaransa mjini Lisbon, jina lake Jean Nicot, alipeleka tumbaku katika jumba la mfalme wake, akaisifu kuwa ni dawa. Kutokana na jina lake sumu iliyomo ndani ya tumbaku ikaja kuitwa nikotini, na mwaka 1828 wataalamu wawili wa Kijerumani waliweza kuitenga peke yake. Basi, tumbaku iliingia Ulaya kwa jina la dawa. Tutaona ya kuwa hiyo ndiyo desturi yake: kila ijapo huja na jina zuri, na ubaya wake hujulikana wakati mazoea yamekwisha kuota mizizi.

Watu wa pwani waliipokea kwa namna zao. Kifuu cha nazi kilitiwa maji, kikasimamishwa digali, na juu ya digali likawekwa bori la udongo lenye tumbaku na kaa la moto. Mvutaji alipovuta, moshi ulipita majini, maji yakalia, na sauti hiyo ikawa sehemu ya mazungumzo ya barazani. Hicho ndicho kiko cha zamani. Wengine walinusa ugoro, na wengine walitafuna tumbaku pamoja na tambuu, popoo na chokaa. Hayo yote yalikuwa mambo ya watu wazima. Yalifanywa hadharani, tena kwa taratibu, wala kiko hakikutoshea katika mfuko wa shati la mtoto. Sisemi ya kuwa desturi hiyo ilikuwa njema kwa afya. Nasema tu kwamba ilikuwa na mipaka, na mipaka hiyo iliwalinda watoto kwa kiasi fulani.

Je, wakubwa wa dunia hawakujaribu kuizuia? Walijaribu sana. Mwaka 1604 Mfalme James wa Kwanza wa Uingereza aliandika kitabu kidogo cha kuilaani tumbaku, akaongeza ushuru wake mara nyingi. Mwaka 1633 Sultani Murad wa Nne wa Uturuki alipiga marufuku uvutaji, na adhabu ya aliyevunja amri ilikuwa kifo. Hakuna mwalimu mkuu wala mkuu wa polisi awezaye kutoa adhabu kubwa kuliko hiyo. Hata hivyo watu waliendelea kuvuta kwa siri. Murad alikufa mwaka 1640, na haikupita miaka mingi tumbaku ikaruhusiwa tena katika milki yake. Hapa pana fundisho la kwanza ambalo historia yatupa: adhabu humfundisha mtu kujificha, lakini haimfundishi kuacha.

Mabadiliko makubwa yalikuja na mashine. Hapo kwanza sigara zilisokotwa kwa mikono, na fundi hodari aliweza kusokota elfu chache tu kwa siku. Mwaka 1881 Mmarekani mmoja, James Bonsack, alipata hati ya kuimiliki mashine aliyoibuni, ambayo iliweza kutengeneza sigara zaidi ya laki moja kwa siku moja. Sigara zikawa nyingi kuliko wavutaji, basi wavutaji nao ikabidi watafutwe. Kampuni ya British American Tobacco huhesabu mwanzo wa kazi yake katika Kenya tangu mwaka 1907. Kwa miaka mingi sigara ilipambwa katika matangazo kama alama ya uungwana, ushujaa na maendeleo. Lile jina la dawa lilikuwa limechakaa. Jina jipya lilikuwa ustaarabu.

Ukweli ulichelewa, lakini ulifika. Mwaka 1950 mabwana Richard Doll na Austin Bradford Hill wa Uingereza walionyesha kwa hesabu uhusiano mkubwa uliopo baina ya sigara na saratani ya mapafu. Tarehe 11 Januari 1964 daktari mkuu wa serikali ya Marekani alitangaza kwamba uvutaji husababisha maradhi hayo. Leo Shirika la Afya Duniani lasema kuwa tumbaku huua zaidi ya watu milioni 7 kila mwaka. Kenya nayo haikukaa kimya. Tarehe 25 Juni 2004 ilitia sahihi na kuuridhia mkataba wa dunia wa kudhibiti tumbaku. Mwaka 2007 Bunge lilipitisha Sheria ya Kudhibiti Tumbaku, ambayo ilikataza kuvuta katika mahali pa watu wote, ikakataza matangazo, na ikakataza kabisa kumwuzia tumbaku mtu aliye chini ya miaka 18. Kanuni za mwaka 2014 zilizoongeza nguvu sheria hiyo zilipingwa mahakamani, na kesi ikapanda ngazi kwa ngazi mpaka Mahakama ya Juu, ambayo mwaka 2019 iliamua kwamba kanuni zisimame.

Juu ya hayo yote, uchunguzi uliofanywa katika shule za Kenya mwaka 2013 ulionyesha kuwa wanafunzi 9.9 katika kila 100 wa umri wa miaka 13 hadi 15 walikuwa wakitumia tumbaku kwa namna moja au nyingine. Hao ni karibu mmoja katika kila 10. Wote walikuwa chini ya umri ambao sheria yaruhusu kuuziwa. Sheria, basi, ni ua mzuri wa kuzunguka shamba. Lakini mbuzi akiisha kuingia ndani, ua peke yake haumtoi.

Wakati huo huo mjukuu wa tumbaku alikuwa amekwisha kuzaliwa. Mwaka 2003 mfamasia mmoja wa China, Hon Lik, alibuni sigara ya kielektroniki ya namna tuijuayo sasa. Wazo lilikuwa kumpa mvutaji nikotini bila ya kuchoma tumbaku, kwa kuwa madhara mengi ya sigara hutoka katika kule kuungua. Ndani ya chombo mna betri, mna waya mdogo unaopata moto, na mna majimaji yaliyochanganywa gliserini, viungo vya ladha na, mara nyingi, nikotini. Waya ukipata moto, majimaji hugeuka ukungu, na ukungu huvutwa mapafuni. Kwa mtu mzima aliyevuta sigara miaka mingi, na ambaye ameziacha zote kabisa, chombo hiki huenda kikapunguza sumu aliyokuwa akiivuta. Lakini kwa kijana ambaye hakuwa mvutaji hakuna kilichopunguzwa. Kila kitu kimeongezwa. Ukungu ule si mvuke wa maji matupu, na nikotini iliyomo ni ile ile iliyopewa jina la Nicot. Ubongo wa mwanadamu huendelea kukua mpaka miaka kama 25, na nikotini ikiuwahi ungali unakua, huuzoesha upesi, kisha huudai kila siku.

Hivyo jani lililoanza kwa jina la dawa, likaendelea kwa jina la ustaarabu, limefika shuleni kwa jina la tunda. Marekani ndiyo iliyoonja uchungu mapema. Katika mwaka 2019 wanafunzi 27.5 katika kila 100 wa shule za sekondari za huko walisema kwamba wametumia sigara ya kielektroniki katika siku 30 zilizotangulia. Pwani yetu nayo ni mlango ulio wazi tangu zama za majahazi. Malindi na Watamu ni miji ya wageni, na mitindo ya ng'ambo haichukui muda kufika. Shisha ilikuwa imekwisha kuwazoesha vijana wengi moshi wenye ladha ya matunda kabla serikali haijaipiga marufuku mwezi wa Desemba 2017. Vepu, kwa hiyo, ilikuta njia imekwisha kulimwa.

Sasa natuingie shuleni. Naomba ruhusa nisimulie jambo moja ambalo nililiona mimi mwenyewe, tena sikulitenda vizuri. Katika shule moja ya wilaya zetu hizi, ambayo sina haja ya kuitaja, mvulana wa kidato cha pili alikutwa bwenini na chombo hicho. Kilikuwa kimefichwa ndani ya kibweta cha hesabu, baina ya bikari na rula. Kamati ya nidhamu ilikaa, nami nilikuwa mmoja wao. Tukamfukuza kwa majuma mawili, na barua aliyopewa ilikuwa na sahihi yangu. Tulidhani tumefanya kazi. Kumbe majuma yale mawili aliyamaliza ufukoni pamoja na wale wale waliompa kile chombo mara ya kwanza, maana mchana nyumbani hapakuwa na mtu. Aliporudi alikuwa nyuma katika masomo na mbele katika uraibu. Mwezi haukwisha akakutwa tena. Safari ile nilimwita chini ya mwarobaini, mbali na ofisi, nikamwuliza, "Mwanangu, hukuogopa adhabu?" Akanijibu kwa sauti ndogo, "Mwalimu, adhabu naijua. Njia ya kuacha ndiyo siijui."

Maneno hayo yalinizindua. Sisi tulikuwa tumemjibu swali ambalo hakuuliza. Tulikuwa kama Sultani Murad, ila upanga wetu ulikuwa wa karatasi. Fimbo ilikatazwa katika shule za Kenya mwaka 2001, lakini fikira ya fimbo yaweza kukaa muda mrefu baada ya fimbo yenyewe kutupwa.

Niliona haya zaidi nilipokumbuka kwamba mji wa Malindi wenyewe umekwisha kujifunza somo hili, tena kwa gharama kubwa kuliko vepu. Tangu miaka ya 1980 dawa ya kulevya iitwayo heroini iliuzwa Malindi na Watamu, nayo ikaharibu vijana wengi na kuzitia nyumba nyingi simanzi. Ni kosa kuilinganisha vepu na heroini kwa ukali; hatari zake si sawa, na mwalimu atiaye chumvi hupoteza imani ya wanafunzi wake. Ninalolinganisha ni njia ya kutoka. Kwa muda mrefu waraibu walipigwa, wakafungwa, wakatengwa, na mji haukupata nafuu. Ndipo mwaka 1995 ulipoanzishwa Malindi mradi uitwao Omari Project, ambao ulimwona mraibu kuwa mgonjwa mwenye kuweza kupona. Ulimpa mahali pa kukaa, watu wa kumshauri, na rafiki wa kumfuata mtaani alikotoka. Mwaka 2015 hospitali ya serikali ya Malindi nayo ilianza kutoa dawa ya methadoni kwa waraibu wa heroini, wakaifuata hadharani kama wafuatavyo dawa wagonjwa wengine. Si wote waliopona, na wapo walioanguka wakainuka tena mara nyingi. Lakini mji ulipata kuona kwa macho yake kwamba mtu hutoka katika uraibu akiwa ameshikwa mkono, na ni nadra atoke akiwa amesukumwa mgongo.

Ikiwa njia hiyo ilifaa kwa jambo zito, haikosi kufaa kwa jambo jepesi zaidi, hasa likiwahiwa mapema. Udongo upate ungali maji. Nchi nyingine zimekwisha kuipeleka njia hiyo shuleni. Katika Marekani chama cha American Lung Association, pamoja na Chuo Kikuu cha West Virginia, kilitunga mpango ambao wanafunzi wachache hukutana na mwalimu aliyefunzwa kwa vikao 10, wakasaidiana kuacha. Baadaye kikatunga mpango mwingine wa vipindi 4, ambao mwanafunzi aliyekamatwa hupewa mahali pa kufukuzwa: badala ya kukaa nyumbani, hukaa na mwalimu akafundishwa nikotini humfanyia nini na aanze vipi kujitoa. Upo pia mpango wa kutumia simu, ambao kijana hupelekewa ujumbe mfupi kila siku wa kumtia moyo. Mpango huo ulipimwa kwa vijana wapatao 1,500 wa umri wa miaka 13 hadi 17, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2024. Baada ya miezi 7, katika kila 100 waliopelekewa ujumbe wa msaada, 37.8 walikuwa wameacha. Katika kila 100 ambao hawakupewa msaada huo, walioacha walikuwa 28.

Hesabu hiyo inatufundisha mambo mawili. La kwanza, msaada hufaa hata ukiwa ni maneno machache kwa siku. La pili, msaada si uganga: hata walioupata, wengi wao walikuwa bado hawajaacha. Kwa hiyo mwalimu asichoke upesi, wala mwanafunzi asikate tamaa akishindwa mara ya kwanza. Na kwa jumla hali ya Marekani ilibadilika. Wale 27.5 wa mwaka 2019 walikuwa wameshuka hadi 7.8 katika kila 100 mwaka 2024. Si shule peke yake zilizoleta badiliko hilo. Sheria pia ilikazwa, na umri wa kuuziwa ukapandishwa kuwa miaka 21. Ua na mchungaji vilifanya kazi pamoja.

Shule ya pwani yetu haina haja ya kungoja fedha nyingi ndipo ianze. Yahitaji mambo matano. Kwanza, mwanafunzi ajitajaye mwenyewe asiadhibiwe, bali apelekwe kwa mwalimu wa ushauri nasaha na siri yake itunzwe. Wahenga walisema kuwa mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini mgonjwa hataacha kuficha ikiwa ajuaye kwamba ataumbuliwa ni sisi. Pili, liwepo kundi dogo la kukutana kila juma, ambalo ndani yake mna mmoja au wawili waliokwisha kuacha, maana maneno ya mwenzi huingia mahali ambapo maneno ya mwalimu hugonga na kurudi. Tatu, kila mmoja achague siku yake ya kuacha, na kabla ya siku hiyo aandike katika daftari saa na mahali hamu inapomjia: njiani kutoka shule, baada ya mtihani, au usiku bwenini. Ajuaye adui hupita wapi hujua pa kumvizia.

Nne, afundishwe yatakayompata. Siku za kwanza huwa ngumu kupita zote. Atakuwa na hasira bila ya sababu, usingizi utamruka, kichwa kitamwuma na masomo hayatamkalia. Asipoonywa, atadhani anaharibikiwa, atarudi alikotoka. Akionywa, atajua kwamba hizo ni dalili za mwili unaojitoa kifungoni, na kwamba baada ya majuma machache hupungua. Hamu yenyewe hupanda kama wimbi, na kama wimbi hushuka baada ya dakika chache. Mtoto wa pwani hahitaji kufundishwa namna ya kupita wimbi: hujitia chini kidogo, hushika pumzi, hungoja. Anywe maji, atembee, acheze mpira, azungumze na rafiki. Wimbi litakuwa limepita. Tano, mzazi aitwe kama msaidizi, si kama mshtakiwa. Mzazi aitwaye shuleni kuaibishwa hurudi nyumbani kuaibisha. Na palipo na shida iliyozidi uwezo wa shule, ipo simu ya bure ya NACADA, namba 1192, na zipo hospitali zetu.

Najua wako watakaosema, "Mwalimu, ulaini huu utawaalika wengine. Wataona kuvuta hakuna adhabu, watavuta." Neno hilo lastahili jibu, kwa kuwa lasemwa na watu wema. Sisemi kanuni zivunjwe. Chombo kikikutwa kichukuliwe, na anayewauzia wanafunzi atafutwe na ashtakiwe, maana yeye hana uraibu wa kuponywa bali faida ya kukatwa. Hata mwanafunzi asiachwe bila ya wajibu: kuhudhuria vikao, kusema kweli, kujaribu tena akianguka, hayo si mambo mepesi. Aliyepata kujaribu atakwambia kwamba kufukuzwa majuma mawili ni rahisi kuliko kukaa majuma mawili bila ya kuvuta. Basi, yule amwambiaye kijana aache na kumsaidia, amempa kazi kubwa kuliko yule aliyemfukuza.

Mvulana wangu wa kidato cha pili hakuacha kwa siku moja. Tulikutana chini ya mwarobaini kila Jumatano, naye aliwaleta wenzake wawili ambao sisi walimu hatukuwa na habari zao kabisa. Alianguka mara mbili, na mara zote mbili alikuja kunieleza kabla sijauliza. Katika muhula wa tatu aliniletea daftari lake. Kurasa za mwanzo zilikuwa zimejaa saa na mahali, kurasa za mwisho zilikuwa na tarehe tu, na karibu na kila tarehe neno moja, "Hapana." Sijui siku ambayo nimesoma insha iliyonifurahisha kuliko hiyo.

Ewe mwanafunzi usomaye haya, ikiwa hujaonja, historia yote hii yakwambia jambo moja: kitu kilichokuja mara tatu kwa majina matatu mazuri, usikiamini kijapo kwa jina la nne. Na ikiwa umekwisha kuonja, usijihesabu kuwa umepotea. Waliotangulia katika mji huu huu wametoka katika shimo refu kuliko lako. Mtafute mtu mmoja umwaminiye, umwambie leo. Nasi walimu yatupasa tuwe watu wa kuambiwa. Mithali ya wazee bado ni kweli hata kwa moshi huu mpya: pafukapo moshi pana moto. Safari hii moto umo kifuani mwa mtoto, na moto wa namna hiyo hauzimwi kwa kuupiga.